Togwa ya Mama Mkubwa

Mzungu aliyesimamia masomo yangu hakuniita daktari hata siku moja. Aliniita dresa, yaani mfunga vidonda. Nilikuwa nimemaliza udaktari Uganda, nimefanya kazi hospitalini, na serikali ya Mwingereza imekubali nisome zaidi, elimu ya vijidudu vinavyoleta maradhi, ngazi ambayo kwetu Handeni hakuna aliyekuwa ameifikia. Yeye alikaa Dar es Salaam. Alikuja Korogwe kwa gari kukagua kazi yangu, na aliikagua akiwa amesimama, kwa sababu hakutaka kukalia kiti changu.

Maabara yangu ilikuwa chumba cha nyuma cha hospitali, zamani stoo ya machela. Nilikuwa na darubini, sahani za kioo za kuoteshea vijidudu, na kabati la kuvitunza kwenye joto, lililotumia mafuta ya taa na kutoa moshi hadi macho yakawa mekundu.

"Kwenye shamba la mkonge hapo jirani watu wanaugua homa ya matumbo," aliniambia. "Visima vimetiwa dawa na bado wanaugua. Kuna mtu anaisambaza. Mpate, nitakuruhusu ufanye mtihani. Usipompata, utarudi kufunga vidonda."

Nikaenda kambi kwa kambi kuomba choo cha watu kwenye vikopo. Manamba waliotoka mbali kuja kukata mkonge walinichukia kuliko walivyomchukia nyapara. Mmoja alinirudishia kikopo kikiwa kimejaa mchanga. "Kodi mmeshachukua," alisema. "Sasa mmefika kwenye mavi." Wenzake wakacheka mpaka nikageuza baiskeli. Sokoni nako nilikuwa naomba nyongo ya ng'ombe, maana vijidudu vya homa ile huota vizuri penye nyongo ilhali vingine hufa. Mchinjaji alinipa mara mbili. Mara ya tatu aliniambia nikatafute vifaa vya uganga mahali pengine.

Kwa wagonjwa niliuliza swali moja: mlikula au kunywa nini kilicho baridi? Jibu lilikuwa moja pia. Togwa anayouza yule mama kwenye geti la shamba.

Yule mama alikuwa mama yangu mkubwa, dada wa mama aliyenizaa. Alitoka Mazingara, huko kwetu Handeni, akamfuata mumewe aliyekuja kufanya kazi kwenye mashine ya kuchakata mkonge, na mume alipofariki akabaki hapo na mwanawe. Mimi alinilea tangu naachishwa ziwa mpaka naanza shule. Uji wa togwa aliuchemsha vizuri, lakini ukishapoa aliutia kimea na kuukanda kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Wengine walitumia mwiko, na togwa yao ilikuwa na madonge.

Nilimkuta anaosha mitungi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunywa au umekuja na vikopo vyako?"

Nikamwambia nimekuja na kikopo. Akacheka kidogo, akaweka mtungi chini.

"Nilikutawaza wewe ukiwa hujui choo ni nini. Leo unakitaka changu?"

Alinipa. Siku ya pili, sahani niliyooteshea choo chake ilikuwa imejaa madoa meusi yanayong'aa, dalili ya vijidudu vile. Nikachukua doa moja, nikalichanganya na dawa ya kupimia. Likashikana vipande vipande kama maziwa yaliyokatika. Nikarudia kwa choo kipya, mara nyingine na nyingine, nikitafuta kosa langu. Sikulipata.

Nilimwendea yeye kabla ya Mzungu. Mwanawe alikuwepo, kaka yangu mkubwa, naye alifanya kazi shambani hapo. Nikaeleza polepole: mtu anaweza kuugua homa hiyo, akapona kabisa, vijidudu vikabaki kwenye nyongo yake miaka mingi bila kumdhuru. Vinatoka chooni, vinakaa mikononi, vinaingia kwenye chakula cha wenzake.

Mama mkubwa akaikunja mikono yake mapajani. Kaka ndiye aliyesimama.

"Mama anaumwa?"

"Haumwi."

"Ila watu wanakufa kwa sababu yake."

"Si kwa kutaka kwake."

"Mtu mzima, haumwi, na watu wanakufa kwa mkono wake," alisema. "Hilo lina jina, nawe unalijua. Umekwenda kusoma Uganda uje umwite mama yangu mchawi?"

Nikasema sayansi haizungumzi hivyo. Akanishika kola, akanitoa nje.

Maneno yake yalisikika hadi kambini, na kambi ikachagua jina alilolitaja yeye, si nililolieleza mimi. Kabla ya Ijumaa kufika mitungi yake ilikuwa imevunjwa getini. Meneja wa shamba akaamuru aondoke. Mzungu wangu akafika kwa gari, na kwa mara ya kwanza nikamwona amefurahi.

"Mlaze wodi ya kutengwa," alisema. "Nataka choo chake kila wiki. Huyu ni kitu bora kuliko vyote ulivyowahi kupata, dresa."

"Ni mtu," nikasema. "Na ni mama yangu."

"Basi itakuwa rahisi kumshawishi."

Nikakataa. Nilimpa zile dawa mpya zilizokuwepo, ambazo hazikumsaidia, nikampakia kwenye lori la mizigo linalokwenda Handeni. Alikaa mbele kwa dereva, uso ameuelekeza barabarani, hakuniaga. Mzungu alitishia kunifukuza, lakini kazi ilikuwa imekamilika na homa shambani ikapungua, na nadhani aliihitaji ripoti ya kazi hiyo kuliko mimi. Mtihani nilifanya, nikashinda. Hakunipongeza.

Mwaka uliofuata nilioa, harusi ikafanyika kwetu Handeni. Mama mkubwa alikuja. Sikumtarajia. Alisalimia wakwe, akapita moja kwa moja uani, wanawake wakampisha kwa heshima ya dada mkubwa. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakata kachumbari. Pilau ingechemka, sikuiogopa. Kachumbari haichemshwi.

"Mama, naomba upumzike," nikamwambia. "Wapo vijana watakata."

Hakuacha kukata. "Waambie kwanza nina nini. Waambie wote hapa."

Wanawake wakaacha walichokuwa wakifanya. Mama yangu mzazi alinitazama akitikisa kichwa kidogo, kunikataza. Nikainua sinia, nikapita katikati yao, nikamwaga kachumbari yote nyuma ya nyumba na kufukia kwa jembe. Niliporudi kigoda kilikuwa kitupu. Alishachukua kitambaa chake na kuondoka kwa miguu, na kaka yangu alikuwa nyuma yake.

Hakuitikia tena shikamoo yangu mpaka alipofariki, na mazishini kaka alinizuia nisishike jeneza. Mama yangu naye alininunia kwa muda mrefu. Siku moja nilimwambia kwamba katika wageni wote wa harusi hakuugua hata mmoja.

"Sikukuuliza hilo," akasema, na akaendelea kuchambua mchele.