Klaksoni ya Gari la Plastiki

Juzi nilipita mtaa wa Katuba, nikachungulia kwenye lupango letu la zamani, ua tuliokulia, nikakuta mabata wanaoga ndani ya gari letu. Usicheke, rafiki. Au cheka tu, maana hata mimi nilicheka, huku nimeshika ukuta. Lilikuwa lile lile, bodi yake nyekundu imepauka, halina magurudumu wala mashine, na maji yamejaa pale nilipokuwa nakaa mimi.

Lilitufikia ndani ya masanduku, miaka ile ya Zaire, wakati king'ora cha kiwanda cha shaba kilikuwa ndiyo saa ya mtaa mzima. Mzungu mmoja aliyefanya kazi na baba alikuwa anarudi kwao, akamwachia gari alilotaka kujiungia mwenyewe. Bodi yake ilikuwa ya plastiki ngumu, bila milango, bila paa, ya kuvalishwa juu ya shasi na mashine ya gari kuukuu la Kijerumani, lile lenye mgongo wa kobe. Karatasi ya maelezo ilikuwa imeliwa na panya. Baba hakujali. Fundi mekanisie hasomi, alisema, anasikiliza.

Alisikiliza miezi mingi. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuokota mayai na kusugua mavi yao. Mama alisema gari hilo likishindwa kutembea atalifanya bafu la mabata.

Lakini siku mashine ilipowaka! Tuliruka ndani kama panzi, tukazunguka mtaa, upepo unatuingia mdomoni, vumbi jekundu hadi kwenye meno, harufu ya petroli ikichanganyika na ya sombe, kisamvu chetu, iliyokuwa ikichemka kwenye mbabula za makaa za majirani. Shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa amebakiza siku nne aolewe. Alishuka nywele zimesimama, akasema hatakwenda kanisani na gari lingine.

Tatizo lilikuwa moja, klaksoni, yaani honi, ilikuwa bubu. Nawe unazijua harusi za kwetu. Bibi harusi anatangazwa kwa klaksoni tangu mlangoni kwao. Msafara unaopita kimya, watu wanavua kofia wakidhani ni wa maiti. Baba alibadilisha waya, akasugua kitufe kwa msasa. Akiifungua klaksoni na kuigusisha kwenye betri pale chini, ililia hadi mbwa wa jirani akajibu. Akiirudisha kwenye pua ya gari, kimya. Mimi nilibonyeza mpaka kidole gumba kikavimba.

Zilipobaki siku mbili, shangazi akaja kuuliza. Baba akamtania kwamba tutapiga filimbi. Hakucheka.

"Yaya, gari yenye kunyamaza inabebaka benye kufa," alimwambia kaka yake. "Miye siyakufa bado."

Akasema basi ataomba gari la wakwe. Jioni ile baba hakugusa bukari, ugali wetu, alikaa ameweka mkono juu ya bodi, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Asubuhi iliyofuata alikaza kitufe kwa kibanzi cha kuni, kibaki kimebonyezwa, akaenda kuazima kipimo cha umeme kwa jirani anayetengeneza redio. Mama akatoka na beseni la vitambaa vya harusi. Kamba ya kuanikia ilikuwa imejaa. Akatafuta waya mtupu, akaufunga ncha moja kwenye bomba la moshi kule nyuma, akauvuta hadi mbele.

"Hii gari ifanye hata kazi moya," alinung'unika, akaanza kuuzungushia kwenye bolti ya klaksoni.

Ikalia! Mama akaangusha beseni, kuku wakaruka ukuta. Baba akarudi mbio, ndala moja mguuni. Akautoa waya, kimya. Akaurudisha, ikalia. Akaketi chini kwenye maji ya sabuni, akacheka hadi machozi.

"Chuma inarudishaka courant, ule umeme," alimwambia mama. "Nimezoea magari ya chuma. Hii ni plastiki. Courant inafika kwa klaksoni, inakosa njia ya kurudia. Wewe umeipa njia."

Hatukuuficha ule waya. Shangazi mwenyewe aliufunga utepe mweupe, akapanda, na Katuba nzima ikatoka barabarani kutuona. Mama alikaa mbele, akiwaambia wote tuliowapita kwamba ile ni waya yake inalia.

Sasa baba hayupo. King'ora nacho kimenyamaza, na mashine ilienda zamani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Plastiki ndiyo imebaki, haina kutu. Mwenye mabata aliniruhusu niinamie pua ya gari, nikaiona bolti, na kipande cha waya kimeizunguka mara mbili.

Nilimweleza mama kwamba mabata wamelipata bafu lao. Hakucheka.

"Ulitoa waya yangu?"

Nikamwambia hapana.

"Uniletee."

Kesho narudi Katuba na koleo. Na nikifika nitamuuliza yule mwenye mabata kama bafu lake analiuza.