Tairi Hufungwa na Watu Wawili

Nilipokuwa na mume nyumbani, kazi yangu kwa ile pikapu ilikuwa moja tu: kuzungusha. Tairi ya spea inakaa huko nyuma, chini ya bodi, na kuipandisha kunataka watu wawili. Mmoja anasimama nyuma ya gari na chuma kirefu, anakiingiza kwa tundu, anazungusha, na waya inavuta tairi juu. Mwingine analala chini chali, anaielekeza. Yeye alilala, mimi nikazungusha. Sauti yake ilitoka huko chini kama ya mtu aliye kisimani: "Zungusha! Ngoja. Rudisha kidogo. Haya, zungusha, mama!" Kisha anatoka na vumbi kwa nywele, ananiambia mkono wangu ni wa mwanaume, ati tairi nikiikaza mimi haidondoki hata barabara iwe ya mawe matupu.

Akaenda Uarabuni kuendesha malori. Wakati huo mtoto hakuwa amejua kukaa. Sasa anakimbia, anafokea kuku wa jirani, na baba yake anapiga simu akitaka yeye, si tukitaka sisi. Alituachia hiyo pikapu, kuukuu kuliko mimi, na nikajifunza kuiendesha kwa hasira. Nanunua kabeji Kachibora, nauza Bungoma. Hiyo ndiyo inatulisha. Mtu asije akasema ni pesa za Uarabuni.

Mvua zilipoanza nilipata pancha. Fundi aliiziba, akaipandisha tairi chini ya gari, akazungusha mpaka chuma kikakataa. "Imeshika, mathe." Halafu akarusha mnyororo wenye kutu na bolti yake kwa bodi. "Hii ilikuwa inaning'inia huko chini bure." Nilifika nyumbani Kibomet nikafungia geti kwa huo mnyororo.

Siku ya soko, kwa mteremko wa Kamukuywa, nilisikia kishindo. Kuangalia kwa kioo, naona tairi yangu inakimbia peke yake. Ilivuka barabara, ikapita kati ya mama mmoja na ndizi zake, ikaenda kulala kwa shamba la maharagwe. Yule mama hakuguswa. Alinitukana Kibukusu kuanzia kwa nyanya yangu, nami nikiviringisha tairi kurudi kwa gari. Haki ilikuwa yake.

Habari ilifika Bungoma kabla yangu. Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa ananisubiri sokoni, mikono nyuma.

"Shemeji, hii gari ni ya boma. Leo imekosa kidogo tu kuua mtu. Ukikuja soko ijayo na tairi inachezacheza, unaniachia funguo hapa hapa."

"Na mtoto wa ndugu yako atakula nini?"

"Si kuna kwenu?"

Kwetu. Yaani kwa wazazi waliotoka mkoa wa Central na mabunda yao wakanunua shamba Kachibora, shamba ambalo ndugu zangu wameshagawana mpaka mahali pa choo. Huko ndiko kwetu.

Jumamosi asubuhi niliegesha gari katikati ya ploti, nikamkalisha mtoto mlangoni na uji wake, nikavaa suruali ya mume wangu. Jirani alikuwa anaanika nguo.

"Mama, toka huko chini! Ita mwanaume."

"Nimuite wa kwako?"

"Wangu? Huyo hata kamba ya nguo imemshinda."

Tulicheka, akaingia kwake. Nikabaki na gari.

Kazi ya watu wawili ukiifanya peke yako, unaifanya kwa kutambaa. Nilizungusha, nikaenda chini kuangalia. Ile sahani ya chuma inayobeba tairi ilikuwa imekaa upande kwa shimo la rimu. Nikatoka, nikaishusha, nikarudi chini nikailaza sawa, nikatoka tena, nikazungusha mpaka chuma kikakataa, vile fundi alifanya, vile nimekuwa nikifanya miaka yote. Nikalala chini nikaishika kwa mikono miwili, nikaitikisa kama barabara inavyoitikisa. Kitu kikalia tak-tak huko juu, waya ikalegea, tairi ikanikalia kifuani.

Nilikaa hapo chini yake nikivuta pumzi. Mtoto aliinama upande ule mwingine, uji kidevuni.

"Mama, umelala?"

"Silali."

Hapo ndipo niliona. Kwa vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari, kutu imejaa kote, isipokuwa mahali pawili palipong'aa kwa kusuguliwa. Pete za mnyororo zilikuwa zimejichora hapo. Mnyororo wa geti langu.

Kumbe ile mashine ya kuvuta waya ilikuwa imekufa zamani. Inapandisha, haishiki. Mume wangu alijua. Mimi nikizungusha huku nikitoa jasho, yeye alikuwa chini anafunga kwa mnyororo, kisha anakuja kunisifu mkono. Mwongo! Angeniambia neno moja tu, tairi haingeanguka Kamukuywa. Nilipiga picha pale palipong'aa, nikamtumia, nikaandika: Ulijua. Mpaka leo hajajibu.

Nilifungua mnyororo wa geti, geti nikalifunga na kamba ya katani. Niliinua tairi, nikaweka jeki chini yake ili ikae juu, maana mtu wa kuishikilia hakuna. Mnyororo nikaupitisha kwa matundu ya rimu, nikauzungusha kwa vile vyuma viwili, palepale palipong'aa, nikaukaza kwa bolti na nati mbili. Nikatoa jeki. Nikatikisa. Nikaipiga teke nikiwa nimelala. Haikusonga.

Siku ya soko shemeji aliinama mbele ya watu wote, suruali yake nzuri kwa matope. Alivuta tairi, akaipiga ngumi, akavuta tena. Gari lote lilitikisika, tairi ikatulia. Aliinuka akipangusa mikono polepole.

"Nani alikufungia?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Shemeji, mimi si mtoto. Hii kazi ni ya watu wawili." Akageukia wenye kabeji. "Ndugu yangu anaungua na jua huko, bana, na hapa kuna mtu analala chini ya gari yake."

Walicheka. Wengine walinitazama kutoka juu mpaka chini. Funguo zilikuwa ngumini mwangu na shemeji hakuziomba, maana tairi haikumpa sababu. Nilikuwa nafikiria maneno yake. Nilitamani yawe kweli. Si kwa mambo anayodhani yeye. Nilitaka tu mtu wa kulala huko chini aniambie ngoja, rudisha kidogo, zungusha.

Nikashusha kabeji.