Kibodi Mbili za Shangazi Koku

Harufu ya lehemu ikiyeyuka hunirudisha mtaa wa Hamugembe mpaka leo, kwenye kibanda cha Mzee Sefu, fundi redio, ambako moshi wa kazi yake ulichanganyika na udi aliochoma mkewe nyumba ya nyuma. Nilikwenda pale na Shangazi Koku, dada yake baba, aliyekuwa akiishi kwetu tangu afiwe na mumewe. Ilikuwa miaka ya misiba. Vita vilikuwa vimepita, ule ugonjwa umeingia, na Bukoba nzima ilikuwa imejifunza kutoutaja jina. Shangazi alikuwa nao. Nasema hivyo waziwazi sasa kwa kuwa wakati ule hakuna aliyesema.

Alikuwa mchapaji. Mumewe alimwachia kompyuta ndogo ya nyumbani, ya kizamani hata kwa siku zile, ya kuunganisha na televisheni, na kwa kompyuta hiyo alichapa mitihani ya shule za mjini hadi za Muleba. Walimu walipokuja walimwita Mama Mchapaji. Alijua fika kwamba siku akiacha kuchapa ataitwa mgonjwa tu. Sasa kibodi ya kompyuta ile ilikuwa imeshikwa na kutu. Kila herufi ililia ko, na ilidai nguvu za mtu anayetwanga, wakati vidole vyake vilikuwa vikiwaka moto hata akishika kikombe. Bila kibodi nyingine, kazi ilikuwa imekwisha.

Mzee Sefu alikuwa na kibodi mbili zilizokuja na meli kutoka Mwanza, na alikuwa ameshaunga nyaya zake zikubaliane na kompyuta yetu. Moja ilikuwa nyeusi, laini, vitufe vinazama kimyakimya. Ya pili ilikuwa nzito, ya kijivu, nayo ililia kama bisi zinazopasuka chunguni. Shangazi aliomba mkeka, akaketi chini, akazijaribu mapajani moja baada ya nyingine, maana nyumbani ndivyo alivyofanya kazi. "Chukua hii laini, mwanangu," alisema Mzee Sefu. "Itakupumzisha mikono." Akaichukua. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeichukua.

Kwa siku kadhaa tulimwona kama aliyepona nusu. Alichapa tangu asubuhi, pazia limeshushwa ili jua lisipige kwenye televisheni, na hatukuwafikiria majirani hata kidogo. Dirisha lake lilitazama njia. Waliozoea kupita wakisikia ko ko ko, sasa walikuta pazia na kimya, na miaka ile kimya cha namna hiyo kilikuwa na maana moja. Kwetu mtu hangoji kuitwa msibani. Asubuhi moja wanawake waliingia uani na kuni, majani ya kutandaza na mkungu wa ndizi, wakiongozwa na Ma Georgia, jirani yetu wa karibu kabisa. Mama alikuwa sokoni. Walikuwa wameshaanza kutandaza majani sebuleni Shangazi alipotoka chumbani akijinyoosha mgongo. "Waitu, jamani, nani amekufa?" Ma Georgia, mkungu ukiwa bado kichwani, alisema, "Tulisikia kimya."

Shangazi hakuwafukuza. Aliwakaribisha wakae juu ya majani yao wenyewe, akawapitishia kahawa ya kutafuna kama wageni wengine wote, wakaongea habari za mvua. Walipoondoka nilicheka mpaka nikashika tumbo, nikidhani naye atacheka. Alikuwa analia. "Wamenizika huku nachapa," alisema.

Kesho yake alirudi kwa Mzee Sefu akachukua ile ya kijivu. Mzee alimwonya kwamba itammaliza vidole. "Vidole ni vyangu," alimjibu. Baba alimwambia aache ubishi, nami nilimkasirikia kwelikweli, kwa sababu ndiye niliyemchemshia maji ya kuloweka mikono kila jioni na kumwona anavyouma khanga. Lakini asubuhi alifungua dirisha akachapa, na wapita njia walimsalimia kwa sauti kutoka barabarani, naye akawajibu bila kuinua macho. Iliendelea hivyo kwa zaidi ya mwaka.

Sauti ile ilipokoma, majirani waliisikia ikikoma. Hakuna aliyekuja. Waliikumbuka aibu ya mara ya kwanza, kila mmoja akamngoja mwenzake atangulie, mpaka mama alipotoka uani akapiga yowe mwenyewe. Ma Georgia alifika mbele ya wote, mikono mitupu, akilia kwamba alijua tangu asubuhi.

Siku hizi dawa zipo, na watu wenye ugonjwa ule wanazeeka na kulea wajukuu. Nimefurahi, na nina uchungu kwamba Shangazi hakuzisubiri. Mimi naandika haya nyumbani kwangu Dar es Salaam, kwenye kompyuta ambayo vitufe vyake havitoi sauti yoyote wala haviumizi mkono. Mlango nimeufunga tangu juzi. Jirani wa upande wa pili wa ukuta simjui jina, wala sidhani kama ananisikiliza.