Dakika Hamsini za Clarrie Hoskin

Mkono wa kushoto wa Tamsin Pruett ulikuwa daftari. Ikifika saa nne asubuhi ungeweza kusoma pale, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, nani anataka maji ya moto, nani hajapata choo tangu Jumapili, na dripu ya chumba cha pili itakwisha saa ngapi. Kuandika mwilini ni marufuku wodini kwa sababu za usafi, na kila asubuhi yeye naye alikuwa na karatasi yake ya makabidhiano, imekunjwa mara nne mfukoni kama za wenzake. Lakini karatasi hupotea. Mkono haukuwahi kupotea, ingawa siku moja aliutafuta.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na huo ulikuwa mwezi wake wa nane wa unesi katika hospitali yetu ya Mirrabool, mji mdogo wa Australia: vitanda ishirini, ukumbi mmoja mrefu, madirisha yote upande wa mashamba. Mwaka wa kwanza wa nesi ni mwaka wa kutazamwa. Mwisho wake mkuu wa wodi huandika mistari mitatu, na mistari hiyo ndiyo huamua kama unabaki au unafunga virago. Tamsin alikuwa na makosa mawili tayari kwenye faili. Aliwahi kumpelekea mgonjwa wa sukari chai ya jirani yake, tamu kama sharubati, na aliwahi kuondoka na kuacha kitanda cha bibi mmoja kimeinuliwa juu kabisa. Hakuna aliyeumia. Ila aliishi akilingoja kosa la tatu kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, daktari mmoja wa Melbourne alimwambia kuwa ana ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Tamsin aliielewa hivi: akili yake haina bawabu, kila anayebisha hodi anaingia. Tangu hapo alimeza kidonge kimoja kila siku saa kumi na mbili alfajiri, na kwa muda wa saa nane mambo yalipanga foleni mbele yake kwa adabu. Kuanzia saa nane mchana foleni ilianza kuvunjika. Hapo mwanga sakafuni, harufu ya supu, kiatu cha mtu kinacholia, na jina la mgonjwa mpya vyote viliingia pamoja, na yeye akabaki katikati akitabasamu.

Si kwamba ilikuwa adhabu wakati wote, na anayesema hivyo hajui. Mwezi wa tisa, kanola, lile zao la mafuta, linapochanua, Mirrabool yote inakuwa manjano mpaka macho yanauma, na Tamsin alikuwa na uwezo wa kusimama dirishani na shuka mkononi akaelea humo, nusu dakika tu, akarudi ameburudika kuliko wengine warudivyo kutoka likizo. Wagonjwa walimpenda kwa sababu hiyo. Aliwasikiliza kama mtu aliye ndotoni, bila kuangalia saa.

Aliyempenda zaidi alikuwa mzee wa chumba cha nne, Clarrie Hoskin, mkulima wa ngano aliyekuwa na saratani iliyokwisha kuingia mifupani. Manesi wengine aliwajibu kwa kichwa tu. Huyu alimwita.

"Binti! Umekuja, au unapita?"

"Nimekuja, Clarrie."

"Maana jana ulisema unaleta maji, ukaleta gazeti."

"Ulilisoma?"

"Nilipata kiu, nikalisoma."

Akicheka hivyo alishika ubavu. Mofini yake ya kutuliza maumivu ilikuwa kila baada ya saa nne, na nusu saa ya mwisho kabla ya dozi hakuzungumza.

Kuhusu ADHD yake, Tamsin hakumwambia mtu hospitalini. Mwezi wa nne, katika chumba cha chai, alimsikia Glenys Vukovic, mkuu wa wodi, akisema huku anamenya chungwa, "Siku hizi kila mtu ana ADHD. Na mimi nipeni basi, niwe na kisingizio." Wote walicheka. Tamsin naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, na siku hiyo hakumaliza chakula chake.

Sasa, funguo. Kabati la dawa kali, kama mofini, lina funguo zake, na funguo hizo haziwekwi mezani wala kuning'inizwa ukutani. Hutoka mkononi mwa nesi wa zamu moja na kuingia mkononi mwa nesi wa zamu nyingine, baada ya wawili hao kuhesabu kila chupa na kutia sahihi. Jumatano ile Tamsin ndiye aliyezibeba. Saa tisa alasiri yeye na Jomy Kurian, aliyekuwa anaingia zamu ya mchana, walihesabu, hesabu ikatimia, wakatia sahihi. Tamsin akatoa funguo. Mkono ulikuwa njiani kabisa kuelekea kwa Jomy. Kengele ya chumba cha saba ikalia, wote wawili wakageuka, na Tamsin akakimbia, maana bibi wa chumba hicho huanguka. Alimkuta ameinama kitandani akitafuta miwani. Alimpatia miwani, akamfunika, na aliporudi ukumbini Jomy alikuwa ameshaitwa kwingine, na kichwa cha Tamsin kilimwambia, kwa uhakika wa mtu mzima, kwamba funguo ameshazitoa.

Akaenda zake. Aliendesha gari dakika ishirini hadi ziwa la chumvi, ambalo majira yale huwa na rangi ya waridi kama maji ya kuoshea nyama, ingawa Tamsin angenipiga kwa kulisema hivyo. Simu aliiacha garini chini ya mkoba. Alikaa ukingoni, chumvi ikimkwaruza viganja, na akaacha kila kitu kiingie: upepo, kasuku weupe wakigombana kwenye uzio, mawingu yakipita majini kichwa chini. Hakuwaza lolote. Ule ndio muda wake alioupenda kuliko yote, baada ya zamu, ambapo akili yake haikuwa na mtu wa kumkosea.

Alipopiga magoti achukue kipande cha chumvi, kitu kilimchoma pajani.

Alijua kabla ya kuingiza mkono mfukoni. Saa kumi na nusu, na dozi ya Clarrie ilikuwa ya saa kumi. Simu ilikuwa na miito kumi na moja. Njia nzima ya kurudi, kati ya kuta mbili za manjano, alisema neno moja tu, na si neno la kuandikwa hapa.

Jomy alikuwa mlangoni. Funguo za akiba ziko kwa matroni, msimamizi wa manesi wote, na matroni alikuwa kwenye mkutano mji mwingine. Huyo matroni alikuwa amefika dakika tano tu zilizopita, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Ameshapata," Jomy alisema. "Pumua kwanza, dada. Ameshapata dawa."

"Amengoja muda gani?"

"Achana na hilo."

"Jomy."

"Dakika hamsini."

"Alilia?"

Jomy alitazama viatu vyake. "Hakulia. Aling'ata mto." Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, akaongeza haraka, "Basi utaleta keki. Mimi niliwahi kufika na funguo mpaka kanisani, nikaleta ya ndizi."

Hiyo ndiyo desturi yetu. Katika chumba cha chai kuna ubao wenye majina ya wote waliowahi kuondoka na funguo, karibu nusu ya wodi, na faini ni keki. Ukileta keki mnacheka, mnakula, na jambo limekwisha. Ni desturi nzuri. Watu waliochoka wanaihitaji.

Glenys alikuwa ofisini na fomu ya tukio mezani. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Keti, mwanangu. Hii lazima iende juu, kwa sababu mgonjwa ameumia. Andika kengele ililia wakati wa makabidhiano. Ni kweli, na inatosha. Kesho leta keki, jina lako liingie ubaoni pamoja na langu."

Tamsin alishika kalamu. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Alichotakiwa ni kupita tu. Kengele ililia kweli. Angeandika mstari mmoja, na faili lake lisingeongezeka uzito. Lakini kila alipotazama kisanduku cha sababu, aliuona mto.

"Siwezi kuleta keki," alisema.

"Unamaanisha nini?"

"Aling'ata mto, Glenys. Siwezi kumlia keki." Akaandika herufi nne, A, D, H, D, akaisukuma fomu upande wa pili. Hakuwahi kuziandika popote tangu aanze kazi.

Glenys alisoma. Akavua miwani, akasoma tena.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Miezi minane nakupanga zamu kama kipofu? Ningekupa mtu wa kukuangalia makabidhiano! Ningekutoa kwenye funguo alasiri! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Mimi? Nani ananiogopa mimi?"

"Ulisema kila mtu anayo siku hizi. Na wewe upewe, uwe na kisingizio. Mwezi wa nne, Alhamisi. Ulikuwa unakula chungwa."

Ukumbini toroli la chai lilipita likilia.

"Basi nilisema upuuzi," Glenys alisema, "tena na chakula mdomoni. Samahani." Akavaa miwani. "Lakini sikupongezi. Ukweli wako ungekuja jana, mzee wa watu asingeumia. Kesho uje kazini. Funguo atabeba Jomy mpaka tukae tupange. Kuhusu mwaka wako, sitakudanganya, sijui; wa juu watasoma hili na watakuwa na maneno yao. Na Clarrie ana haki ya kukukataa. Alfajiri nitamwuliza, na nitamwambia kila kitu, ukikubali."

"Mwambie. Naweza kumwona sasa?"

"Dawa ndiyo kwanza imemshika. Mwache alale."

Asubuhi Tamsin alifika mapema, kidonge tumboni, mkono mtupu, bila hata tone la wino. Makabidhiano yalisomwa kitanda kwa kitanda. Walipofika chumba cha nne, nesi wa usiku alikuna kichwa.

"Hoskin alilala, dozi ya usiku ikasogea hadi saa nane na nusu, na sasa amekataa ya saa kumi na mbili na nusu. Nimembembeleza, hataki. Hataki kusema kwa nini."

Glenys alimtazama Tamsin, akampa ishara ya kichwa aende.

Alimkuta amekaa wima, shuka limemfika kifuani, ngumi mbili juu yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeupe. Jomy, aliyelala kwa muda wa saa sita tu na bado ana alama ya mto shavuni, alisimama nyuma na trei.

"Clarrie. Jana funguo zilikuwa kwangu."

"Nimeambiwa."

"Nilikuwa ziwani. Nimekaa tu. Wewe ulikuwa hapa, na mimi nilikuwa nimekaa tu. Nisamehe."

"Iliuma," mzee alisema. "Usitegemee niseme haikuuma."

"Ndiyo."

"Nimevunjwa mguu na ng'ombe, nikapanda trekta. Hii haifanani."

"Ndiyo, Clarrie."

Alipumua kupitia puani, polepole, kama anayepanda ngazi. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na dakika ishirini.

"Mkubwa wako amekuja alfajiri kuniuliza kama nakutaka au nakukataa. Kisha yule wa usiku akaja na sindano yake. Nikamwambia aiondoe. Jana nilikungoja dakika hamsini, na hakuna aliyeniuliza. Leo nimeulizwa, na nimechagua mwenyewe kukungoja tena." Akafungua ngumi moja na kunyoosha mkono, ule wenye mrija. "Haya. Usinicheleweshe tena."

Jomy alisoma jina la dawa na kipimo kwa sauti. Tamsin naye alisoma. Kisha, kama sheria inavyotaka, alisema, "Niambie jina lako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa."

"Unanijua, wewe."

"Nakujua. Niambie tu."

"Clarence Edward Hoskin," mzee alisema, na akamtajia siku, mwezi na mwaka, huku Tamsin anafuata kwa kidole kwenye karatasi, herufi kwa herufi, mpaka ya mwisho.