Tope Nililotoa Bokoli

Nikiwa mdogo huko Bokoli, nyuki walikaa kwenye mti wa jirani siku mbili. Watu walipita chini yao wakienda kuchota maji na hakuna aliyewajali. Siku ya tatu mama mmoja akapita na kijinga cha moto wa kuombwa, moshi ukapanda, na mlio ukabadilika. Si ati uliongezeka. Ulishuka chini, ukawa kama kitu kinasaga. Mama yangu alinishika mkono akasema, "Usikimbie. Tembea." Tukatoka mlango wa nyuma kama watu wanaenda kanisani, nyuki wananitambaa shingoni. Mbuzi wetu alikata kamba akakimbia. Jioni tulimzika.

Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo vitu vingi nimevijua kwa masikio. Ndiyo maana nilikuwa fundi wa redio. Redio ikiwa mgonjwa utaisikia kabla hujaifungua. Kibanda changu kilikuwa Kitale, nyuma ya soko, na ndani nilikuwa na sanduku la santuri za roki ya zamani. Nilipewa na mzungu mmoja mwenye shamba, aliyechelewa kuondoka kuliko wenzake. Nilizicheza nikingoja chuma cha kulehemu kishike moto.

Siku moja kijana mrefu, mwembamba, akasimama mlangoni akasikiliza upande mzima wa santuri bila kukaa.

"Mzee, hawa wanaimba ama wanaigiza?"

"Yote mawili," nikamwambia.

Basi bendi ilizaliwa hapo. Yeye akawa mwimbaji na gitaa lake. Msichana aliyekuwa anapiga kinanda kanisani akaja, na mwingine wa ngoma. Nyimbo zao zilikuwa tamu, za kushika upesi, lakini kila moja ilikuwa mchezo. Mwimbaji alivaa joho la pazia jekundu. Mara ni mfalme mwenye taji la mkebe wa biskuti, mara ni bwana harusi ameachwa madhabahuni. Hakuna kampuni iliwarekodi. Walijirekodi wenyewe kwa kompyuta ya saiba, wakachoma CD wakauza kwa mkono. Mimi nilibeba spika na kuchunga nyaya. Msichana wa kinanda aliniita guka, kwa sababu wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, na huko babu ni guka.

Mwimbaji aliniambia siri yake siku ya mvua, tumekaa wawili kibandani. Kwao hawatahiri, naye hajatahiriwa. "Mzee, si utaniwekea?" Nikasema imekaa. Na kweli sikumwambia mtu. Ubaya wangu si huo. Ubaya wangu ni mdomo wa hadithi.

Kwetu mwaka wa tohara unakuja kila baada ya mmoja, mwezi wa nane. Kijana anapelekwa mtoni alfajiri, anapakwa tope kutoka kichwani, anarudi uchi bila kugeuza shingo mpaka uwanja wa baba yake, kwa kisu. Tope likishakaa mwilini hakuna kurudi nyuma. Hayo niliwasimulia nikiringa, vile nilisimama mimi, vile sikupepesa jicho. Mwimbaji alisikiliza mpaka mwisho. Baada ya wiki akaja na wimbo wa kijana anayekuwa mtu mzima. Akauliza, "Mzee, unaweza kutuletea tope ya ukweli?"

Hapo ndipo ningesema hapana. Lakini mtu akishakusikiliza hivyo, bana, unataka kumpa kitu. Nikaenda Bokoli, nikachota mtoni ndoo nzima ya plastiki, nikaifunika na jani la ndizi. Na mwezi ulikuwa wa nane, na mwaka ulikuwa wenyewe, na mchezo ulikuwa Bungoma, kwetu. Mimi mtu mzima nilijua hayo yote matatu. Sijui kwa nini sikuyaweka pamoja.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi umejaa, na barabarani vikundi vinapita na filimbi na matawi, vikisindikiza vijana wao. Nyimbo za kwanza watu walicheka na kupiga makofi. Halafu mwimbaji akatokea amepakwa tope, kaptula tu, njuga mikononi. Nyuma mtu akapaza sauti, "Ai! Huyo si tulisoma na yeye Kitale? Musinde huyo!" Musinde ni mwanamume ambaye hajatahiriwa.

Watu wakacheka. Mwingine akajibu, "Na amejipaka mwenyewe? Basi ametupunguzia kazi!"

"Kisu kiko hapo nje tu, jamani, si mbali!"

Wakacheka tena. Kisha mtu akaanza ule wimbo wa kutoka mtoni, chini chini, na wengine wakaushika, wakakanyaga sakafu kwa pamoja. Nikasikia mlio umeshuka. Nikaachilia nyaya. Na yeye pale juu amefungua mikono, anacheka, anaimba nao.

Kwa bahati mchezo ulimtaka aende nyuma ya pazia, abadilishe nguo, arudi mtu mzima. Nikamfikia msichana wa kinanda kwanza.

"Piga. Usiache hata kidogo."

"Guka, kuna nini?"

"Piga tu, mama."

Nyuma ya pazia mwimbaji alikuwa anang'aa jasho. "Mzee, umesikia? Wanaimba na sisi!"

"Wanakuimbia wewe," nikasema. "Mtu wa shule yenu amekutaja."

Uso wake ukaisha. Nilimwagia maji yangu ya kunywa, nikamsugua na lile joho jekundu, haraka, vibaya, meno yake yakigongana kama ya mtoto mwenye malaria. Nikamvisha koti langu, longi yake na viatu vyake, kofia yangu.

"Nikimbie?"

"Ukikimbia umekwisha. Tembea. Kama mtu anaenda choo."

Nikafungua mlango wa pembeni. Uwanjani kulikuwa na kikundi, labda watu kumi na tano, na matawi yao. Wameshasikia. Mmoja, filimbi shingoni, akamwangalia koti mpaka viatu.

"Niaje, kijana. Huyo wa tope ametoka?"

Nilishika fremu ya mlango.

"Bado," mwimbaji akasema. "Anavaa."

"Mwambie ajikaze!"

Wakacheka, naye akacheka kidogo, akapita katikati yao, bega kwa bega. Hapo ndipo nikaona. Nyuma ya sikio la kushoto nilikuwa nimesahau. Tope lilikuwa limeanza kukauka, jeupe, upana wa vidole viwili, na yeyote nyuma yake angeweza kuliona. Nisingeweza kumwita. Ningemwita ningemuua. Nikasimama nikiliangalia lile tope likienda, hatua kwa hatua, likapita mwenye mahindi ya kuchoma, likapita akina mama wa miwa, mpaka likawa doa tu.

Ndani kinanda bado kilikuwa kinalia. Pale barabara inapokata reli hakugeuza shingo. Alivuka, akaendelea kutembea, na Kitale hakurudi tena, hata kuchukua gitaa lake.