Safari ya Himbi, Kwenye Nyumba ya Mdogo Wangu

Niliondoka kwa sababu Neema, mdogo wangu, alinipigia simu mara tatu wiki ileile. Alikuwa amemaliza nyumba yake huko Himbi, mtaa wa Goma ulio karibu na ziwa. Padri angekuja kuibariki Jumamosi, naye hakutaka baraka hiyo ipite bila dada yake. Nilimwambia nitakuja. Simu ilipokatika nilikaa mbele ya cherehani yangu bila kushona chochote.

Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, nilitoka Ndosho, kwenye nyumba ya mbao tunayopanga, kuku wa zawadi akiwa kwapani. Ningeweza kuchukua pikipiki moja kwa moja, lakini sikuwa na haraka ya kufika. Nikatembea.

Katoyi. Hapa niliishi miaka yangu ya kwanza ya ndoa, chumba kimoja, sakafu ya mawe ya lava yasiyosawazishwa. Wanangu wawili walijifunza kutambaa humo, magoti yao yamejaa michubuko. Sasa ni duka la misumari. Nilipita bila kusimama.

Nikazunguka hadi Mabanga, tulikokulia baada ya wazazi wetu kuhama kutoka upande wa Bukavu. Mimi na Neema tulilala kitanda kimoja. Nilizoea kumsimulia nyumba nitakayojenga nikiwa mkubwa, hata nikaichora kwa mkaa kwenye mbao za ukuta: ngazi tatu, baraza la mviringo, madirisha mawili mapana yanayotazama ziwa, mlango wa buluu. Neema alisikiliza tu.

Kutoka Mabanga miguu ilikataa, nikapanda pikipiki.

Himbi, karibu saa tano. Geti lilikuwa wazi. Nikahesabu ngazi: tatu. Baraza lilikuwa la mviringo. Mlango ulikuwa wa buluu. Nilimshika kuku kwa nguvu hadi akapiga kelele.

Neema alikuja mbio, akiniita dada mkubwa kama alivyozoea tangu utotoni. "Yaya! Karibu kwako!"

Kwangu! Neno hilo lilinichoma kama pilipili kwenye kidonda.

Padri alinyunyiza maji chumba kwa chumba, wageni wakapiga vigelegele. Kisha jirani mmoja, mama mnene mwenye kicheko, akaniuliza mbele ya wote: "Na weye dada mukubwa, unaona aje nyumba?"

"Ni muzuri," nikajibu. "Lakini lava haichaguake nyumba."

Hapa Goma hakuna asiyemjua mtu aliyepoteza nyumba kwa lava, ule moto unaomwagika kutoka mlima wa volkano. Neno kama hilo halisemwi siku ya baraka. Neema aligeuka, akaingia jikoni. Nilimfuata, si kwa kumhurumia.

"Hii nyumba ni yangu," nikamwambia. "Mi mwenyewe njo nilichora."

"Najua, yaya. Mi sikukuwaka na nyumba yangu mu kichwa. Nilikuwa na ile yako tu." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Lakini mu ile yako, mi nilikuwa nalala wapi?"

Katika ile niliyomsimulia kulikuwa na chumba changu, chumba cha watoto, hata cha wageni; chake hakikuwamo.

"Pembeni yangu," nikasema.

Alinitazama bila kukasirika. Alijua ninadanganya. Akaniwekea mikononi sinia la sambaza, visamaki vya ziwani vya kukaanga. "Pelekea bageni, bitapoa."

Nilipeleka. Nikaliweka sinia mezani, nikabaki nimesimama mbele yao. "Nilisema mubaya. Wivu ilinishika. Munisamehe, na Mungu alinde hii nyumba." Padri akaitikia amina. Yule jirani akanisogezea kiti.

Saa kumi nilirudi Ndosho kwa njia fupi. Sitawadanganya, wivu nilirudi nao, na mpaka leo unanijia nikiwa kwenye cherehani. Lakini nilijifunza jambo moja. Miaka yote nilidhani ni bahati tu iliyoninyima nyumba ile, na kwamba nimeonewa. Kumbe nilipokuwa nikiijenga kwa maneno, nilimwacha nje mtoto aliyelala ubavuni mwangu, na ndiye pekee aliyekuwa akinisikiliza.