Nilivyompandisha Bibi Hewani

Nimerithi jina la bibi mzaa mama, na kwa sababu hiyo mama yangu aliniita Mama tangu nikiwa mchanga. Nikikosea hakunichapa, maana nani anamchapa mama yake mzazi? Fimbo zangu walikula ndugu zangu. Nilideka kupita kiasi, na sioni haya kusema nilikuwa kipenzi.

Nikiwa na miaka ishirini niliingia kikundi cha sanaa cha ushirika pale Mbinga, kikundi cha ngoma na sarakasi. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameruhusiwa, ushirika ukawa unayumba, na sisi wasanii tulijua tutakuwa wa kwanza kuachishwa. Mwalimu wetu, afisa utamaduni aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akabuni onyesho la kuwakumbusha wakulima walikotoka. Ningeigiza bibi wa zamani anayekimbia vita. Ningepanda kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kenchi, mbao za paa la ghala la kahawa, kana kwamba napanda mlima. Juu ningejiviringishia kitambaa mwili mzima, hilo ndilo pango alimojificha. Kisha ningeporomoka kitambaa kikijikunjua, nishike jembe na kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia milimani ambayo bibi zetu walituachia.

Mazoezini tulitumia vitenge vilivyoungwa. Mshono ukaachia, nikaangukia magunia. Mwalimu akaenda madukani, ambako baada ya biashara kufunguliwa hapakukosekana kitu, akarudi na jora jeupe, laini na imara.

"Dada, hiki hakitaonekana kama sanda?" akaniuliza.

"Hapana," nikamjibu. "Mle ghalani kitang'aa."

Nilijua ni sanda. Nilijua pia kwamba kingenipendeza. Yeye aliuliza kwa adabu, na mimi mwenyeji, mwenye bibi aliyezikwa ndani ya kitambaa cha namna hiyohiyo, nikamdanganya.

Siku ya onyesho mama alikuja kutoka kijijini kwetu Mbuji na kukaa benchi la mbele. Alikuwa amewatangazia majirani kwamba leo mama yake ataruka hewani. Wapiga ngoma ya mganda, waliopanda kwa lori kutoka ziwani, wakaanza. Nikapanda. Watu wakashangilia, nami nikajiviringishia kitambaa kuanzia miguuni hadi utosini, nikaning'inia kimya kama nilivyofundishwa.

Nikasikia ngoma zinakatika moja baada ya nyingine. Kisha sauti ya mama, kwa Kimatengo, wala haikuwa kubwa.

"Mteremsheni. Huyo nilishamzika."

Ningeweza kufunua uso nikamwambia ni mimi, kisha nikashuka taratibu. Lakini nilikuwa na kiburi cha mtu anayetazamwa, na nilikasirika kwamba ananiharibia. Nikaporomoka kwa mbwembwe zote, kitambaa kikijikunjua, nikasimama mbele yake na jembe mkononi. Watumishi wa serikali, ambao hawakusikia Kimatengo, walipiga makofi. Wenyeji walinyamaza. Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakuchelewa hivyo. Jioni ileile mama aliniita kwa jina langu la ubatizo, jina ambalo sikujua kama analikumbuka.

Kikundi kilivunjwa msimu uleule, na sikukililia. Nilirudi nyumbani, nikapiga magoti mbele yake, wazee wakiwepo. Alinishika kichwa akasema amenisamehe, na katika kusamehe huko alinitaja tena kwa jina la ubatizo. Ningependelea anichape.

Miaka ikapita, nikajifungua binti. Kwa desturi yetu nikampeleka kwa mama ili nimwombe ampe jina lake. Alimpakata, akamchekesha, akambusu nyayo. Kisha akamrudisha mikononi mwangu.

"Langu usimpe," akasema. "Nikifa niache nipumzike. Usije ukanipandisha na mimi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Alikuwa ananiogopa. Nilimpa mwanangu jina la mtakatifu, nililolitoa kwenye kalenda ya parokia.

Mavuno yaliyofuata kaka yangu naye alipata binti, akampa jina la mama. Mama aliinuka na kumpokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wageni. Wanawake walipopiga vigelegele, nikaweka mwiko chini, nikapiga pamoja nao.